Mateke Mawili ya Mwepu Ilunga

Kando ya ziwa Tshangalele, kama ilivyo Kikula na Panda mjini Likasi, mtoto mwenye chenga huwekwa mbele, na mwenye kifua na moyo mgumu huambiwa akae nyuma. Huyo wa nyuma ndiye ninayemwandikia. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, hubebwa mabegani. Beki akizuia mara tisa na kuteleza mara moja, huulizwa ile moja. Kazi yake ni kuuweka mwili mahali pa hatari kwa niaba ya wengine, na mtu wa kazi hiyo anapaswa kujua kabla ya wote nani atamlipa, kiasi gani, na lini.

Kisa cha kumfundishia sikukitafuta mbali. Ni cha beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Likasi kwa barabara. Jina lake Mwepu Ilunga. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, akafariki tarehe 8 Mei 2015. Dunia inamkumbuka, na kumcheka, kwa teke moja la adhabu ndogo ambayo haikuwa yake. Mimi nasema yalikuwa mawili, na asiyelijua la kwanza hawezi kulielewa la pili.

Tuanze na hadhi ya watu wenyewe, maana wengi wanaocheka hawaijui. Ngome ya Zaire (Kongo ya leo) ya mwaka 1974 ilisimama juu ya watu wa Mazembe. Golini alikuwa Kazadi Mwamba. Katikati ya ulinzi alikuwa Bwanga Tshimen, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, heshima ambayo mabeki hawaipati kwa urahisi. Upande wa kulia alikuwa Mwepu, jezi namba 2. Klabu yao, enzi ilipokuwa bado ikiitwa Englebert, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ikafika tena fainali mbili zilizofuata. Desemba 1973 Leopards, timu ya taifa, waliipiga Morocco 3-0 Kinshasa, wakawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kwenda Kombe la Dunia. Machi 1974, mjini Cairo, walitoka sare ya 2-2 na Zambia katika fainali ya Kombe la Afrika, wakarudiana siku mbili baadaye na kushinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano yale na mabao tisa, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Watu hao wangewezaje kutojua adhabu ndogo hupigwa namna gani?

Rais Mobutu alifurahi, na furaha yake ilikuwa na vitu ndani yake: nyumba, gari, ahadi ya makubwa zaidi huko mbele. Kitu ambacho hakikuwemo ni karatasi iliyotiwa sahihi na pande mbili. Njia ya nje nayo ilifungwa. Miaka ya 1960 Wakongo kama Paul Bonga Bonga na Julien Kialunda walikuwa wakicheza Ubelgiji, wa kwanza Standard Liège na wa pili Anderlecht. Mobutu alitaka vipaji virudi nyumbani, na waliokuwa nyumbani wasitoke. Kwa hiyo beki bora wa Afrika hakuwa na mahali pengine pa kwenda kuuliza bei ya kazi yake.

Watu wa Likasi hawahitaji kuelezwa tofauti ya zawadi na mkataba. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada yake Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, shule, hospitali, unga wa bukari na hata timu za mpira, na kwa miaka mingi mfanyakazi aliiona kampuni kuwa ndiyo baba, ndiyo mama. Kisha baba akaishiwa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na wengi wao walidai kwa miaka kwamba hesabu zao hazikufungwa sawasawa. Wazee waliotumikia kiwanda cha Shituru wakakaa barazani wakihesabu upya miaka ya kazi. Leopards waliyaona hayo miaka karibu 30 kabla, na kwao yalitokea ndani ya siku nane.

Tarehe 14 Juni 1974, Dortmund, Ujerumani Magharibi, Zaire ilifungwa 2-0 na Scotland. Hakukuwa na aibu ndani yake. Kisha wachezaji wakapata habari kwamba posho waliyoahidiwa haitawafikia, imeishia mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao. Wakasema hawatacheza na Yugoslavia.

Hapa nataka msomaji kijana asimame nami kidogo, kwa kuwa naamini mechi ya mwisho, ile ya Brazil, ilipotea hapa, hotelini, kabla mpira haujapigwa. Siku ile watu wale walikuwa na nguvu ambayo hawakuwahi kuwa nayo wala hawakuipata tena. Mechi ya Kombe la Dunia haichezwi bila wachezaji. Mobutu hakuwa Ujerumani, lakini waandishi wa dunia nzima walikuwepo. Wachezaji walikuwa wamoja. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia: waambieni waandike. Hawakuwa na chama, hawakuwa na mwanasheria, hawakuwa na hata nakala ya ahadi ya kwanza ya kuweka mezani. Walibembelezwa, wakakubali, wakaingia uwanjani. Siwalaumu. Nchi yao haikuwa na mahakama ambayo beki angeweza kumshitaki rais, na familia zao zilikuwa Kinshasa na Lubumbashi. Lakini kijana wa leo ajue kwamba neno la kwanza lililovunjwa walilibadilisha kwa neno la pili, na neno la pili halikuwa na uzito zaidi kuliko lile la kwanza.

Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, walifungwa 9-0. Mabao matatu yaliingia kabla ya dakika ya 20. Kocha Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu Ndimbi, na kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira wavuni. Wachezaji wa Zaire wakamzonga mwamuzi Omar Delgado wa Colombia wakilalamikia bao hilo la nne. Katika msukumano ule Mwepu alimpiga mwamuzi teke.

Hilo ndilo teke la kwanza. Mwamuzi aligeuka, hakuona mguu ulikotoka, akamtoa nje Ndaye Mulamba. Ndaye, mtu wa mabao tisa ya Kombe la Afrika, alitoka uwanjani dakika ya 22 kwa kosa ambalo Mwepu mwenyewe alikuja kukiri kuwa ni lake. Tazama hasira ilivyosafiri: ilianza kwa wakubwa waliokula posho, ikapita kwa mwamuzi wa Colombia asiyejua lolote la posho hiyo, ikamwangukia ndugu wa timu. Wakubwa wenyewe walikuwa jukwaani, na teke halikuwafikia. Wakati wa mapumziko mabao yalikuwa sita.

Baada ya mechi hiyo, Mwepu alisimulia baadaye, watu wa Mobutu waliwafuata hotelini, wakawafungia waandishi nje, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa mabao manne na Brazil asithubutu mtu kurudi nyumbani. Brazil walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1970, na walikuwa na hesabu yao: Scotland ilikuwa ikiwafukuza kwa tofauti ya mabao, kwa hiyo Wabrazili walihitaji kushinda kwa mabao matatu. Tatu kwa Brazil ni kufuzu. Nne kwa Zaire ni jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Sijui kama kuna mechi nyingine ya Kombe la Dunia iliyochezwa ndani ya nafasi nyembamba kama hiyo.

Tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen tena, Jairzinho alifunga kipindi cha kwanza, Rivellino na Valdomiro wakafunga kipindi cha pili. Mchezo ukielekea mwisho, Brazil walipata adhabu ndogo karibu na lango. Ukuta wa Zaire ulikuwa umepangwa. Filimbi ya mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania ilipolia, mtu mmoja alichomoka ukutani, akaukimbilia mpira kabla Mbrazili hajaugusa, akaupiga mbali kwa nguvu zake zote. Alikuwa namba 2. Rainea akamwonyesha kadi ya njano, Wabrazili wakashangaa, uwanja ukacheka.

Kicheko hicho kimedumu kwa zaidi ya miaka 50. Watangazaji wa Ulaya waliona Mwafrika asiyejua kanuni, na picha zile zimerudiwa kila Kombe la Dunia linapokaribia, zikiwekwa pamoja na vichekesho. Miaka mingi ilipita kabla ya mtu kumfuata Mwepu na kumuuliza. Alijibu kwamba alifanya kusudi. Kanuni alizijua. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani ilhali watakaofaidi fedha wamekaa jukwaani wakitazama. Tukiweka pamoja na hayo lile tishio la bao la nne, mimi naona hasira na hofu zikikimbia katika mguu mmoja, na siamini kwamba mtu aliye katika hali ile anaweza kuzitenganisha.

Ninachomsikitikia ni kwamba alikuwa na haki, na haki yake haikusomeka. Alilalamika peke yake, bila kusema, mbele ya watu ambao hawakujua kuna deni. Matokeo yalikuwa 3-0, wote wakarudi nyumbani, na hesabu ya fedha ikabaki kama ilivyokuwa.

Mwaka huohuo, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na serikali iliyosimama nyuma ya ahadi hiyo ni ileile ya Mobutu, yenye hazina iliyoegemea shaba ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Fedha zilikuwepo, kwa hiyo. Ali na Foreman walikuja na mikataba. Leopards, mabingwa wa Afrika wenye jezi ya taifa, walikuwa na neno la mkubwa. Kabla mwaka haujaisha bei ya shaba ilikuwa imeporomoka chini ya nusu ya ile ya Aprili, na baada ya hapo hata mkubwa mwenye moyo mwema asingekuwa na cha kutoa.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi kwa sababu yanauma. Mwepu hakuuona utajiri aliotarajia. Aliishi kwa dhiki, akafa baada ya ugonjwa wa muda mrefu. Ndaye aliheshimiwa na Shirikisho la Soka la Afrika mwaka 1994 huko Tunisia, na aliporudi nyumbani watu wenye silaha wakamvamia wakidhani amekuja na fedha, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumkumbuka, kwa kuwa habari zilisema amekufa. Alikuwa hai Cape Town. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Sasa nimpeleke msomaji mbali kidogo, Marekani, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu ambao mlinzi ndiye anayegongana kuliko wote. Huko alikuwepo Reggie White, mchungaji wa kanisa na mlinzi wa mstari wa mbele, mtu mkubwa ambaye kazi yake ilikuwa kumwangusha mpangaji wa mashambulizi kabla hajarusha mpira. Katika ligi kuu alifanya hivyo mara 198. Watu walimwita Waziri wa Ulinzi. Enzi zake mchezaji alikuwa na mkataba, lakini mkataba ulipokwisha klabu bado ilikuwa na njia za kumzuia asiende kwingine. Mwaka 1987 wachezaji waligoma siku 24, vilabu vikawaingiza watu wengine wacheze badala yao, mgomo ukavunjika. Hapo ndipo chama chao kilipogeukia mahakama. Mwaka 1992 baraza la mahakama huko Minneapolis liliwapa wachezaji ushindi, na kesi nyingine ikafunguliwa mara moja jina la White likiwa juu ya karatasi. Mwaka 1993 ligi ilikubali: mchezaji aliyetumikia miaka ya kutosha na kumaliza mkataba atachagua mwajiri. White akatoka Philadelphia akaenda Green Bay kwa dola milioni 17 za miaka minne. Januari 1997 alikuwa bingwa.

White alikufa Desemba 2004, akiwa na miaka 43, kwa hiyo simtaji kama mtu aliyemaliza salama. Mpira ule unaumiza hata unapolipa. Bennet Omalu, daktari Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, alichapisha mwaka 2005 alichokiona katika ubongo wa mchezaji mstaafu Mike Webster: uharibifu wa kugongwa kichwa miaka nenda miaka rudi. Ligi ilimkatalia. Baadaye wastaafu kwa maelfu walifungua mashitaka pamoja, na mwaka 2015 mahakama ikaidhinisha suluhu ya kuwalipa wagonjwa. Webster alikuwa ameshakufa mwaka 2002. Waliolipwa walilipwa kwa sababu wenzao walikuwa wengi, wamepanga foleni moja, na majina yao yameandikwa.

Mwepu hakuwa na Minneapolis ya kwenda. Kijana wa Tshangalele hana Minneapolis pia, lakini ana vitu ambavyo mwaka 1974 havikuwepo. Kwanza ana mfano wa kulalamika pamoja. Nilifarijika sana tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, Leopards walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wote, nahodha Chancel Mbemba akiwemo, naye ni beki, walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kichwani kama bastola. Walikuwa wakisemea watu wanaouawa mashariki ya Kongo huku dunia imenyamaza. Mechi waliipoteza 1-0, lakini ishara ile ilieleweka usiku uleule, kutoka Goma hadi Ulaya. Ilifanywa na timu nzima, kabla ya mchezo kuanza, kila kamera ikiwa imewaelekea.

Kwa upande wa posho na mshahara, hivi ndivyo mambo yalivyo leo kwa kijana anayefuatwa na mtu mwenye gari zuri akiahidiwa klabu ya nje. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Anayemwambia mama wa kijana wa miaka 15 kwamba kila kitu kimeshapangwa, aulizwe ni sababu ipi kati ya hizo. Wakala anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na leseni ni kitu cha kuonyeshwa. Mkataba useme mshahara, tarehe ya kulipwa, muda wa kazi, na nani atalipia goti likipasuka, kwa sababu goti la beki ndilo linalopasuka. Usomwe na mtu asiyepata chochote katika biashara hiyo: mwalimu, mwanasheria, padri, mzee aliyekuwa ofisini Gécamines na anayejua karatasi inavyoweza kumgeuka mtu.

Tangu Juni 2018 kuna kanuni nyingine ambayo kila beki anayecheza ugenini aijue kwa moyo. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili bila sababu, mchezaji ana haki ya kuiandikia kwamba iko katika deni na kuipa angalau siku 15 za kulipa lote. Zikipita bila malipo, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki na kudai fidia. Siku hizo 15 zinahesabiwa kutokana na barua. Mchezaji aliyekaa miezi mitano akinung'unika chumbani, kisha akasusia mazoezi bila kuandika, anaipa klabu nafasi ya kusema kwamba mkosaji ni yeye. Kwa hiyo barua iandikwe mwezi wa pili unapopita, iwe na tarehe na kiasi kinachodaiwa, itumwe kwa njia inayoacha alama, na nakala iende nyumbani siku hiyohiyo.